Pasi za Mwalimu Wambui

Harufu ya makaa ndani ya pasi hunirudisha kwenye ukumbi wa baraza la jiji, mtaani kwetu Eastlands, msimu wa baridi nilipokuwa darasa la nne. Kila Jumamosi Mwalimu Wambui, aliyeajiriwa na baraza, alifundisha ushonaji hapo. Darasa lake likiisha, kikundi cha kina mama wa kanisa letu kiliingia kuimba. Mama yangu ndiye aliyekipigia ngoma na kukitungia nyimbo, akizitunga huku anafua. Nyumbani tulikuwa na chumba kimoja, na majirani walikwisha kulalamikia kelele. Bila ukumbi ule, nyimbo zake zingebaki kwenye karai.

Ndiyo maana niliogopa siku Bwana Kilonzo, afisa wa ustawi wa jamii, alipokuja kusikiliza kikundi chetu na kingine kilichoutaka ukumbi huo, aamue kipi kipewe. Wenzetu waliimba vizuri mno. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na ngozi ya ngoma yetu ikalegea. Mama alipoipiga, ililia kama godoro. Watu wakacheka. Nilifumba macho nikaomba kwa maneno yote niliyofundishwa kanisani.

"Mama Rispa, hiyo ngoma ni mgonjwa?" Bwana Kilonzo aliuliza.

"Imeshikwa na baridi. Inataka moto kidogo tu."

"Moto humu ndani? Mama, unataka nifutwe kazi?"

Mwalimu Wambui, aliyekuwa akikunja vitambaa vyake, akainua pasi mbili ambazo makaa yake hayakuwa yamezima. "Bwana, sheria yenu inakataza moto. Hii ni pasi. Huingia hapa kila Jumamosi na hujawahi kuifukuza."

Akazizungusha polepole juu ya ngozi bila kuigusa, huku Mama akigonga kwa kidole na kusikiliza. Bwana Kilonzo alitazama saa yake. Mara ngoma ikaitika, na kina mama wakaanza wimbo kabla hajafungua mdomo. Tulipewa ukumbi.

Mungu amenipa miaka mingi, namshukuru. Ukumbi bado upo, mikononi mwa kaunti sasa, na wajukuu zangu na wenzao wameomba waendelee kurekodi nyimbo zao humo. Jibu halijaja, na tunasikia majengo ya zamani yatabomolewa. Siku hizi pasi ni za umeme, na ngoma yao hutoka kwenye simu. Lakini nikikaa nao Jumamosi, kisha nisikie viatu vya afisa wa kaunti vikija varandani, moyo hunidunda kama siku ile, na macho yangu huanza kutafuta ni nani leo mwenye makaa.