Siku ya Kuihamisha Tovuti ya Waliopotea

Ujumbe ulinifikia Alhamisi asubuhi, umetumwa na rafiki niliyeanzisha naye tovuti yetu. Kampuni ya nje iliyotupangisha seva ilikuwa inafunga kazi. Kesho yake, saa kumi na mbili jioni, seva ingezimwa na kila kilichomo kufutwa. Onyo hilo lilikuwa likienda kwenye barua pepe ya rafiki yangu mwezi mzima, maana akaunti ilikuwa kwa jina lake, na yeye alishahamia Dar kwenye kazi nyingine. Chini aliongeza maneno manne: "Nimeiona leo dada. Pole."

Tovuti ilikuwa ya kutafuta watu. Wanaume huja huku kutoka kila pembe ya nchi kufuata dhahabu, na wengine hawasikiki tena. Tuliianzisha baada ya duara moja, yaani shimo la wachimbaji, kuporomoka na watu kuzikwa ndugu zao wasijue. Jamaa zao walituma picha, jina na maelezo machache, sisi tukaweka. Rafiki yangu alipoondoka, nikabaki peke yangu na simu za jamaa waliokuwa wakiwatafuta watu wao. Watu walipiga nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, nikiwa mgonjwa. Kubadili namba niliona haya. Kwa hiyo niseme ukweli: nilipousoma ujumbe ule, nilichokisikia kwanza kifuani kilikuwa nafuu. Acha izimwe, nikajiambia. Si mimi niliyeizima.

Alhamisi yote sikugusa kitu. Ijumaa nikaamka na aibu, nikaenda ofisini mapema.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri la mzee wa Kihindi, hapa Kahama, na ngazi yake ilishukia ndani ya duka hilo. Neno la siri la ukurasa wa kuendeshea akaunti sikuwa nalo, na rafiki yangu alisema amelisahau. Nilichokuwa nacho ni ufunguo uliohifadhiwa kwenye laptop yangu, ulioniwezesha kuingia kwenye seva kwa dirisha jeusi la kuandika amri. Huko hakuna vitufe wala picha. Unaandika mstari, unabonyeza, unangoja.

Betri ya laptop ilikufa siku nyingi, na waya wa chaji ulishika pale tu nilipoukandamiza kwa goti chini ya meza. Nikakaa hivyo hivyo, goti juu, na kuanza kuvuta picha kwa rsync, amri ya kunakili mafaili. Niliichagua kwa sababu mtandao ukikatika, ukiirudia haivuti upya mafaili yaliyokwisha kufika. Na mtandao ulikatika mara nyingi.

Yale maelezo ya watu yalikuwa kwenye hifadhidata. Niliyatoa kwa mysqldump, amri inayoiandika hifadhidata nzima kwenye faili moja, yaje kwangu moja kwa moja. Faili likafika, nikafurahi. Kisha nikatazama mistari yake ya mwisho kwa amri ya tail. Palitakiwa kuwa na mstari unaosema kazi imekamilika. Badala yake nilikuta maneno ya mama fulani: "Mwanangu ana kovu kwenye". Basi, hapo hapo. Faili lilikuwa limekatika njiani.

Wakati huo ndipo alipopanda mama mmoja mwenye vumbi la safari kwenye kanga. Alikuwa ametoka Runzewe kwa basi la asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu," akaniitikia kwa Kisukuma, akiniita mama. "Nimefuata picha ya mume wangu. Simu niliyowatumia nayo imeibiwa, na picha nyingine sina."

Kabla sijamjibu, mwenye duka akaita kutoka chini. Kila siku alifunga saa saba akaenda nyumbani kula, akarudi saa tisa. "Mnatoka au mnabaki?"

"Siwezi kuinuka, baba. Nikitoa mguu, mashine inazima."

"Mimi nabaki naye," akasema yule mama.

"Haya, nawafungia."

Tukasikia geti la chuma likivutwa, kisha kufuli. Haikupita nusu saa, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Nilibaki nimekandamiza ule waya kwa goti, ingawa haukuwa na maana tena. Bati lilikuwa linawaka kwa jua, dirisha lina nondo, na jenereta ilikuwa chini kwenye stoo iliyofungwa. Nilimpigia mzee, hakupokea. Nikamweleza mama hali ilivyo: ikifika saa kumi na mbili kabla sijamaliza, picha yake inakwenda na nyingine zote.

Alikaa sakafuni, akavua viatu.

"Alisema anakwenda wiki mbili," akasema. "Wa mwisho alikuwa hajaanza kutambaa. Sasa yuko darasa la pili, ananiuliza baba anafananaje." Baadaye akaniuliza, "Na wewe una wa kwako humo?"

"Sina."

"Sasa mbona unajitesa?"

"Sijui namna ya kuacha."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikumwambia nilivyofurahi jana yake kusikia seva itazimwa.

Mzee alirudi saa tisa na robo. Alipotuona tulivyolowa jasho hakuuliza mengi, akaiwasha jenereta na kunirushia waya ngazini. Safari hii niliiamuru seva iandike nakala ya hifadhidata huko huko kwake, mtandao usije ukaikata, iibane kwa gzip iwe ndogo, ndipo nikaivuta. Saa kumi na moja na nusu ikamalizika, na picha zilizobaki nazo zikawa zimefika. Nikalinganisha alama za sha256 za pande zote mbili, ambazo hutofautiana faili likipungua hata herufi moja, zikafanana herufi kwa herufi. Mwisho wa faili, ule mstari ulikuwepo.

Nikaiwasha tovuti ndani ya laptop yangu na kumtafuta mume wake. Kijana mwenye shati la mistari, amekunja uso kwa jua. Mama aliinama karibu na kioo.

"Ndiye," akasema. "Naomba ya karatasi." Nikaiweka kwenye flashi, tukashuka pamoja mpaka steshenari ya jirani, wakamtolea mbili. "Wabeja," akanishukuru, akazifunga ndani ya kanga, akakimbilia basi.

Nilipopanda tena, saa kumi na mbili ilikuwa imepita. Nikajaribu kuingia kwenye seva. Ikanikatalia. Watu wote wale sasa walikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye laptop isiyo na betri, na mimi nilikuwa naogopa hata kuipakata.

Jumatatu nilikwenda kupanga seva nyingine. Fomu iliuliza jina la mmiliki. Nilikaa nayo mbele yangu mpaka chai ikapoa, nikaandika la kwangu.