Mukansanga, Mama wa Kibuyu cha Mwami

Mama mukwe yangu Mukansanga hakuwa wa ukoo wa bami, watawala wetu wa milimani. Alikuwa binti wa wafugaji wa Mulenge, huko juu ambako ng'ombe wanapita ndani ya ukungu na mchungaji anawajua kwa kikohozi chao. Lakini katika kilima chetu cha Bwihamba, kile kinachotazama bonde la Ruzizi na ziwa mpaka Uvira, mwami hakuweza kukalia kiti bila Mukansanga kumpigia magoti kwanza. Mimi Apolline niliolewa na mwanawe Kamanzi, nikaishi naye katika uzio mmoja, na haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano. Wajukuu wamesema wataniandikia wao kwa mashine yao. Nimewaambia waketi wale viazi, mkono wangu bado uko.

Nieleze desturi kwanza, maana vijana wa leo hawaijui. Mwami wetu hakumtaja mrithi kwa mdomo. Alikuwa na kibuyu chake cha maziwa, chenye shingo ndefu, cheusi kwa moshi wa miaka mingi, na mtu mwingine hakunywa humo: si mke, si mtoto, si padri aliyekuja kusalimia. Mara moja tu katika maisha yake, siku aliyoichagua mwenyewe, alimwita mmoja wa wanawe akamnywesha humo. Shahidi alikuwa mtu mmoja, yule mwanamke mtunza kibuyu. Basi mwami akilala (kwetu hatukusema amekufa), wazee waliwapanga wana wake uwanjani, mwanamke yule akatoka na kibuyu mikononi, akapiga magoti mbele ya yule aliyekunywa. Imekwisha. Wote wanapiga makofi, ngoma inalia. Na mtu akinywa humo bila kupewa, tuliamini ukoo wake unakauka wote, hata mbwa wake habaki.

Kwa nini walimpa kazi hiyo binti wa watu wa juu? Kwa sababu hakuwa na mjomba wala kaka katika koo zile zilizokuwa zikigombania kiti. Mwami alimwomba kwa baba yake akiwa msichana, si kwa ndoa bali kwa kibuyu, akampa ng'ombe wa kumtunza, akamwambia: «Weye hauna mtu hapa. Kwa hiyo nitakuamini.» Mama mukwe alipenda kunisimulia neno hilo. Alisema ni neno gumu kumwambia msichana, lakini ni la heshima kuliko yote aliyowahi kupewa.

Kila asubuhi alikiosha kibuyu kwa maji ya moto, akawasha majani makavu ndani ya chungu kilichovunjika, akakiinamisha juu ya moshi mpaka kinukie. Mimi alinifundisha kufukiza. Kukijaza hapana, hiyo ilikuwa ya mikono yake.

Mwami alikuwa na wana wawili walioweza kuketi kwenye kiti. Mkubwa Étienne, mama yake alikufa siku ya kumzaa, na aliyemlea ni Mukansanga, kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, katika kikombe cha bati. Akakua akamwita mama. Alikuwa na akili kali, akasoma mbali, akapata kazi katika biro, ofisi ya serikali, Uvira. Mdogo, Libérat, alikuwa mpole, fundi wa cherehani kule Lemera; alishona makanzu ya watu wa kanisa na suruali za waalimu. Ukimwuliza neno alikaa kwanza, ndiyo akajibu.

Uhuru ulipofika, mwaka haukupita, mwami akalala. Étienne akapanda Bwihamba kwa gari, na suti, na rafiki zake wa chama. Wanawake wa kilima walilizunguka gari wakicheka.

«Eh, Étienne, hii inakula majani ama mahindi?»

«Inakula petroli, mama.»

«Basi usiifunge karibu na mbuzi wangu, itawafundisha tabia ya mjini!»

Alicheka nao, alikuwa mtu wa watu. Kisha akaingia kwa Mukansanga, akaketi chini kwenye mkeka na suti yake ile. Nilikuwa natwanga pale mlangoni.

«Mama, kesho utanipigia magoti?»

«Kesho iko kesho.»

«Nimezunguka Kongo hii. Ninajua wakubwa. Nitaleta barabara, shule, daktari. Libérat ataleta nini? Vifungo?»

«Vifungo pia vinahitajika. Ona, kimoja kwako kimekatika.»

Étienne akajitazama kifuani, akacheka, lakini macho hayakucheka. «Minye ni mtoto wako, mama.»

«Weye ni mtoto wangu,» akasema. «Na hilo ni jambo la nyumba yangu. Kibuyu si cha nyumba yangu.»

Kesho yake uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya uzio. Mukansanga akatoka na kibuyu. Sijui niseme namna gani. Mwanamke yule nilikuwa namwona kila siku akikimbiza kuku, lakini siku ile alipopita kati yetu hata watoto wachanga walinyamaza. Alifika mbele ya Étienne. Akasimama, akamtazama mtoto wake. Kisha akapita. Akaenda akapiga magoti mbele ya fundi cherehani.

Ngoma ikalia, ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Libérat alikuwa analia. Étienne alipiga makofi kama desturi inavyotaka, akaingia garini, na hatukumwona tena Bwihamba mpaka vita.

Mwaka wa sitini na nne waasi wakaja kutoka bondeni, wakashika Uvira, wakapanda milimani. Simba wenyewe walijiita. Walinyunyiziwa maji ya dawa, waliamini risasi inageuka maji ikiwagusa, na kwa ajili ya dawa hiyo walikuwa na miiko mikali. Mkubwa wa miiko: Simba asipokee kitu cha kula wala cha kunywa kutoka mkono wa mwanamke. Walijipikia wenyewe, vibaya sana. Waliwachinja ng'ombe wa baraza la mwami, wote, hata wale wa kibuyu, na kunde wakazila zikiwa bado zinalia jinoni.

Libérat alikuwa amekwisha kutoka. Rugema, kaka yake Mukansanga, alishuka kutoka Mulenge akamchukua kwa njia za miguu, akamvika blanketi la mchungaji na kofia, akampa fimbo. Mwami wetu akawa anachunga ng'ombe wa watu katika ukungu. Zaidi ya Rugema, aliyejua mahali alipo alikuwa Mukansanga peke yake. Hata mimi sikuambiwa, na nilikasirika kidogo.

Halafu Étienne akaja. Safari hii hakuwa na suti. Alikuwa na kofia ya manyoya na bunduki, pamoja na komanda wao, mtu wa mbali ambaye hakujua lugha yetu. Walitaka watu wa milima wawafuate, na watu walikuwa wanasema: sisi tuna mwami wetu, yuko mahali. Basi komanda akaamua: Étienne awe mwami, mbele ya wote, na mwanamke wa kibuyu apige magoti. Akikataa, apigwe risasi hapohapo uwanjani.

Neno hilo lililetwa asubuhi. Mama mukwe akalisikiliza, akaniambia: «Apolline, fukiza kibuyu.»

«Mama, maziwa hayako. Ng'ombe wameliwa.»

«Nimesema ufukize. Sikusema ujaze.»

Nikafukiza. Kibuyu kilikuwa chepesi kama ganda la yai. Kamanzi alimwomba mama yake apige magoti tu, goti si kitu, Mungu anaona moyo. Mukansanga alimjibu kwamba Mungu anaona na goti pia, akajifunga kitambaa chake cheupe, akatoka.

Watu walikuwa wameletwa kwa nguvu, wanaume upande huu, wanawake upande ule, Simba wamezunguka. Étienne alikaa juu ya kiti cha baba yake. Nilimwona amekonda. Mukansanga alitembea mpaka mbele yake, palepale alipompita mara ya kwanza. Komanda akasema kwa Kiswahili cha kwao: «Haya, mama, chini.»

Hakwenda chini. Alinyoosha mikono yote miwili, na kibuyu juu yake kana kwamba kimejaa mpaka shingoni, kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kumwaga. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye uzio:

«Étienne mwana wa mwami. Mimi napiga magoti kwa yule aliyekunywa. Wewe unasema kiti ni chako. Basi kunywa, watu waone, nami nitapiga magoti.»

Komanda akaruka: «Usipokee! Mkono wa mwanamke! Utaharibu dawa!» Na Simba wale, wanaume wenye bunduki, walirudi nyuma mmoja mmoja, kana kwamba kibuyu ni nyoka.

Étienne alimtazama komanda, akasema, «Mimi ni mwana wa mwami kabla sijawa Simba.» Akasimama. Akakipokea.

Hapo ndipo nilitaka ardhi inimeze. Maana mimi nilijua alichokishika. Na niliona uso wake ulipojua. Mikono yake ilikuwa imejiandaa kwa uzito, ikapanda juu ghafula kidogo, kiasi cha kidole kimoja tu, kisha akaizuia. Akamtazama mama yake. Naye akamtazama. Sijawahi kuona watu wawili wakitazamana vile.

Ndugu msomaji, angalia alichokuwa nacho mikononi. Angeweza kukipindua akacheka: oneni, mama anawadanganya, kitupu! Na Mukansanga angekufa kwa aibu kabla ya risasi. Ama angeweza kukiinua mdomoni akameza upepo, akapangusa midomo. Watu wote wangeamini. Hata laana haiko, maana hakuna maziwa. Angekuwa mwami wakati ule ule, na mwanamke aliyetoa neno mbele ya wote angelazimika kupiga magoti. Alihitaji kumeza tu.

Alikileta kibuyu mpaka kifuani, kikakaa hapo. Midomo yake ilifunguka. Bibi mzee mmoja nyuma yangu alianza kuomba kwa Kifuliiru, lugha yetu, polepole.

Kisha Étienne akainama. Akakirudisha kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu ule ule, kama kilichojaa, akiangalia kisimwagike tone. Akamgeukia komanda:

«Umesema kweli. Nikinywa, dawa itaharibika. Na huyu mama asiguswe na mtu. Ukimwaga yaliyomo ndani ya kibuyu hiki juu ya uwanja huu, hakuna Simba atashuka mlima huu akiwa mzima.»

Komanda alifikiri ni mambo ya dawa. Simba wenyewe walikuwa wameshaanza kuondoka. Walishuka upande wa bonde, Étienne wa mwisho, bila kugeuka, na hawakurudi kumtafuta mwami mwingine kwetu.

Mukansanga alirudi nyumbani amekibeba vilevile, wima, watu wakimpisha na kuvua kofia. Alipoingia ndani na mlango ukafungwa, akaketi juu ya jiwe la kusagia.

Nikamwuliza, «Mama, na kama angejifanya kunywa?»

«Ningepiga magoti. Nilikuwa nimesema.»

«Ulijua hatafanya?»

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. «Nilimlea,» akasema. «Lakini kujua, hapana. Sikujua.»

Askari wa serikali waliporudi Uvira na bonde likatulia, Libérat alishuka kutoka Mulenge na Rugema, amechomwa na jua la juu, mikono yake ya sindano imekuwa migumu. Walileta ng'ombe mwenye ndama. Wazee wa kilima walikuwa wamekwisha kumwandalia shauri: Étienne amejificha ng'ambo ya ziwa, atafutwe, akamatwe. Libérat aliingia kwanza kwa Mukansanga, naye akamweleza yote, hata lile ambalo kilimani tulilijua mimi na yeye tu.

Mwami akauliza: «Kitupu?»

«Kitupu, Mwami.»

«Na alijua.»

«Alijua.»

«Basi yeye ndiye alinitunzia kiti. Minye nilikuwa nachunga tu ng'ombe.»

Akatoka akawaambia wazee kwamba nduguye asitafutwe na mtu isipokuwa kwa kumletea salamu. Walinung'unika. Salamu zikaenda.

Étienne alikuja mchana, na jua kali, kwa miguu, amezeeka kabla ya wakati. Hakwenda kwa nduguye kwanza. Alisimama mlangoni petu, hakuthubutu kuingia. Mukansanga alikuwa anakamua. Alikwenda ndani akatoka na kikombe kile cha bati, chenye ukingo uliopinda kwa meno ya mtoto, akakijaza mpaka povu likamwagika, akampa.

Étienne alikishika kwa mikono miwili, akabaki anakitazama.

«Kunywa, mwanangu,» akasema Mukansanga. «Leo iko kitu ndani.»

Étienne akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, na maziwa yakammwagikia kifuani, na alipomaliza kucheka alikuwa analia, na alipomaliza kulia akanywa yote, akageuza kikombe juu chini kumwonyesha.