Nilitaka Kitako Chepesi cha Bunduki, Nikampoteza Shemeji

Kosa ni langu, nalisema mapema kabla hamjaanza kunionea huruma. Nimemchafulia jina mtu asiye na hatia, tena ndugu wa mke wangu, na yote yalianzia kwenye kipande cha mbao. Nisikilizeni jamani, kifua kimejaa!

Mimi ni mkulima wa mahindi na ulezi huku Ufipa, na nina bunduki ya kuwindia, yenye kibali, niliyorithi kwa marehemu baba. Kitako chake, ile sehemu ya mbao unayoiegemeza begani, kilikuwa cha mninga. Baba alikichonga mwenyewe, akakitia msalaba mdogo kwa msumari wa moto. Kilikuwa kizito, lakini ukikiweka begani bunduki inatulia kama mtoto aliyeshiba.

Nguruwe pori wakizidi kwenye mashamba ya bondeni na bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, akiruhusu, sisi wawindaji tunateremka Ilemba au Milepa. Kushuka si tatizo. Kupanda ule mlima kurudi, hapo ndipo umri ulipoanza kunisuta. Wenzangu wako juu wananisubiri na kunicheka, mimi bado natweta chini! Niliona aibu, nikaanza kuilaumu bunduki.

Rafiki yangu wa tangu utotoni, nimwite Kasimiri, akanionea huruma. Huyu ndiye msimamizi wa ubatizo wa binti yangu Sesi. Bunduki yake ni aina moja na yangu, ila kitako chake kilikuwa kimepasuka, amekifunga kwa waya.

"Baba Sesi, huo mninga utakuua," akaniambia. "Weka kitako chepesi. Mbao ninayo mimi, mringaringa mkavu, umekaa darini kwa mzee tangu zamani."

Akaniletea bure! Ilikuwa imepakwa oili chafu, nyeusi tii. Nikainyanyua kwa mkono mmoja, nikafurahi kama mjinga.

Nikaipeleka Malangali kwa Beno, mdogo wa mke wangu, ambaye ni seremala. Nikamwachia na kitako cha baba ili akitumie kupimia. Siku niliyokwenda kuchukua, nilimkuta hana raha.

"Shikamoo shemeji. Hii mbao ni paini. Oili iliificha, lakini randa ilipopita nikasikia harufu. Itapasuka hapa shingoni." Akanionyesha kwa kidole.

"Paini? Kasimiri anidanganye mimi?"

"Sijasema hivyo. Nitafutie mninga mwingine, niuchonge mwembamba, nitoboe ndani upungue uzito. Hiki usikifunge, shemeji, nakuomba."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia anamwonea wivu rafiki yangu! Nikamwambia apake vanishi, mengine aniachie. Akapaka.

Kasimiri alikuwa ananisubiri nyumbani. Akakishika kile kitako cha baba nilichorudi nacho, akauliza kama bado nakihitaji. Nikacheka, nikamwambia akachomee mahindi. Kwa mkono wangu mwenyewe nikampa!

Safari iliyofuata nilishuka Ilemba nikiimba. Nguruwe akatoka kwenye mahindi, nikafyatua. Lo! Bunduki ilinipiga begani kama teke la punda, na kitako kikapasuka palepale Beno alipoonyesha. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Nguruwe akaenda zake mzima.

Kasimiri ndiye aliyeniinua. Wenye mashamba wamejaa, wawindaji wamejaa, na yeye akapaza sauti: "Fundi kamharibia! Yule Beno ni ovyo kabisa!"

Na mimi, niliyekuwa nimeonywa, nikaitikia. Niliitikia jamani! Nikarudia hospitalini, nikarudia nje ya kanisa baada ya misa, kwa kila aliyeuliza bega lina nini. Watu wakaacha kumpelekea Beno kazi. Mke wangu akasikia yote.

Asubuhi moja akaniita jikoni. Alikuwa amevitunza vipande vya kile kitako vilivyorudi na bunduki, akakiweka kimoja kwenye mafiga. Kikashika moto papo hapo, kwa moshi mweusi.

"Baba Sesi, nusa."

Nikanusa. Nani huku kwetu asiyeijua harufu ya paini ikiungua? Utomvu mtupu!

"Beno alikwambia?"

"Aliniambia."

"Na ukasema ni yeye."

Akaendelea kukoroga uji, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu ni ya Sesi na ya shamba tu.

Nikaenda kwa Kasimiri na bega langu limefungwa. Nilimkuta uani anasafisha bunduki yake. Waya haupo! Kitako ni cha baba yangu, na ule msalaba mdogo unaniangalia.

"Ulijua ni paini?" nikamuuliza.

"Ulitaka nyepesi, nikakupa nyepesi," akasema, hata uso hakuinua. "Na hiki ulinipa mwenyewe. Ulisema nikachomee mahindi."

Nililia njiani, mtu mzima mimi. Mtu aliyesimama na mwanangu siku ya ubatizo! Alinihurumia kwa uongo ili apate mbao ya marehemu! Inauma kuliko mtulinga. Lakini nilivyozidi kutembea ndivyo nilivyozidi kujiona. Yeye alinigeuka mimi, na mimi nikamgeuka Beno aliyenisihi.

Nikafika Malangali. Beno alikuwa anapiga randa mlango. Akaniamkia shikamoo kama kawaida yake, nikashindwa hata kusema marahaba. Nikamwomba msamaha. Akaweka randa chini, akanitazama.

"Shemeji, ulinichafua mbele ya watu. Hapa tupo wawili."

Kisha akarudi kwenye mlango wake.

Ndugu zangu mnaotaka vitako vyepesi, vitafuteni, si dhambi. Ila mbao ya kuletewa na rafiki inuseni kwanza, na fundi akisema haifai, msikilizeni! Na ukiumia kwa ubishi wako, maumivu yabebe mwenyewe, usimtwishe mtu.

Jumapili zinapita na bado sijapata moyo wa kusimama pale nje ya kanisa niseme ukweli. Haya nimeyaandika bila jina langu, na majina ya watu humu, hata la Beno, ni ya bandia. Mtasoma wengi, lakini hakuna atakayejua ni fundi yupi wa kurudishiwa kazi. Huko Malangali, yeye bado ni yule aliyenivunja bega.