Mama Anaolewa Alhamisi, na Bahari Imechafuka

Watu wa mji ule walimwita Bi Mawingu, na jina alishalizoea. Alikuwa mtabiri wa hali ya hewa wa ukanda mzima wa pwani, na kila asubuhi, watu wakiwa bado wanapuliza chai, sauti yake ilitoka redioni kuwaambia kama waanike nguo au wazianue. Akisema jua na jua likawaka, hakuna aliyemkumbuka. Akisema jua kisha ikanyesha, hata muuza mboga alimdai maelezo.

"Bi Mawingu, leo umenilowesha!"

Yeye alicheka, akanunua nyanya zake, akaenda zake. Kazi ile ilitaka mtu wa ngozi ngumu, na yake ilikuwa imekomaa.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la bandari: chumba chenye madirisha pande tatu, meza mbili zilizojaa skrini, na birika la umeme ambalo swichi yake lazima uishikilie kwa kidole mpaka maji yachemke, vinginevyo utakunywa chai vuguvugu. Juu ya paa, vikombe vya kupimia upepo vilizunguka usiku na mchana. Meza ya pili ilikuwa ya mwenzake, mwanamume mpole mwenye mvi waliyemwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku kengele ya moto ilipolia.

Jumatatu ya wiki ya likizo mji ulikuwa umefurika. Hoteli zimejaa mpaka vyumba vya kuwekea mifagio, na barabara ya ufukweni haipitiki kwa watoto wenye maboya kiunoni. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Lakini kwenye picha za setilaiti, mbali baharini, wingu kubwa lilikuwa limejikunja kama konokono, na nyuma yake lilifuata jingine.

"Unaona ninachokiona?" Bi Mawingu aliuliza.

Taratibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Naona. Na natamani nisingekiona."

Dhoruba zilikuwa kazi yao, hawakuziogopa. Kilichomfanya Bi Mawingu aume mdomo ni kwamba Alhamisi ya wiki ile, palepale ufukweni, mama yake mzazi alikuwa anaolewa.

Mama yake alikuwa mshona mapazia mstaafu, mjane, mwanamke wa maneno mafupi na kicheko kirefu. Mwaka uliotangulia saa yake ya ukutani ilisimama, akaipeleka kwa Fundi Saa mwenye kibanda karibu na posta. Ikatengenezwa. Haikufika wiki mbili, ikasimama tena. Ikatengenezwa tena, ikasimama tena, mpaka majirani wakaanza kuulizana mgonjwa ni saa au ni mwenye saa. Fundi Saa mwenyewe alikuwa mzee mtanashati, mikono myepesi, mwenye kasoro moja iliyojulikana mji mzima: alirekebisha saa za watu wote, lakini yeye hakuwahi kufika popote kwa wakati.

Bi Mawingu alipoambiwa habari za posa, alitabasamu, akampongeza mama. Kisha akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Baba yake alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, na hakuna ubaya wowote aliouona kwa Fundi Saa. Ila moyo una njia zake, na wake ulikuwa bado umesimama mlangoni, haujaingia wala haujatoka.

Basi asubuhi ile akakaa mbele ya kipaza sauti, akasoma. "Leo na kesho, jua. Kuanzia Jumatano, upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi marefu katika pwani yote. Alhamisi bahari itachafuka zaidi. Tunawaomba watu wasiingie majini wala wasikae ufukweni. Hali itaanza kutulia Jumamosi."

Baada ya utabiri, wasikilizaji waliruhusiwa kupiga simu. Mtangazaji, kijana mchangamfu asiyejua anachokifungua, alibonyeza kitufe cha kwanza.

"Haloo, karibu mpigaji. Unatokea wapi?"

"Natokea nyumbani kwangu," sauti ilijibu. "Mimi ni mama wa huyo aliyesoma hali ya hewa sasa hivi."

Bi Mawingu alifumba macho.

"Karibu sana mama!" mtangazaji alifurahi. "Una swali?"

"Ninalo. Muulize, mtoto niliyembeba mgongoni, nikamsomesha kwa cherehani, anashindwaje kunipa siku moja ya jua? Sitaki wiki. Siku moja tu, Alhamisi. Naolewa."

Mtangazaji alicheka mpaka akaukosa mdomo wa kipaza sauti. Bi Mawingu alijikakamua. "Shikamoo, mama. Mvua siigawi mimi. Mimi naisema tu."

"Marahaba. Basi isemee kwingine," mama alijibu, akakata.

Kufika mchana mji mzima ulikuwa na habari. Muuza mboga alimpa nyanya ya bure, "ya harusi". Dereva wa basi alisimamisha gari katikati ya njia kumuuliza kama mama amemsamehe.

Aliyepiga simu bila utani alikuwa mwenyekiti wa wenye hoteli. "Dada, hebu tuelewane. Neno 'dhoruba' lina ukali. Wageni wangu wawili wameshafunga mizigo. Huwezi kusema 'mawingu kiasi'?"

"Naweza, yakiwa kiasi."

"Angalia nje, basi! Mwenye macho haambiwi tazama."

"Nimetazama, kaka. Ndiyo maana nakuambia hilo hema lako la ufukweni liondoe."

Hema lilikuwa kubwa, jeupe, lenye nguzo za chuma, na ndimo harusi ingefanyika. Mwenyekiti alisema halitaondoka kwa ajili ya maneno ya redioni.

Jioni ile Bi Mawingu alikwenda kwa mama. Alimkuta sebuleni, gauni la rangi ya maziwa limetandazwa juu ya meza, anapinda upindo kwa mkono. Mama hakunyanyua macho.

"Nimekuaibisha?"

"Umenichekesha. Mama, ihamishe harusi. Ifanyike ndani."

"Kumbi zote zimejaa wiki hii, unajua. Na msajili wa ndoa hana siku nyingine." Sindano ikapanda, ikashuka. "Mwanangu, niambie ukweli. Hiyo mvua ni ya mawinguni au ni ya moyoni mwako?"

Bi Mawingu alivuta kiti, akakaa, akashika ncha nyingine ya upindo kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Ya mawinguni ni ya kweli," alisema. "Na ya moyoni ipo kidogo. Rasharasha. Lakini hizo mbili sijazichanganya, mama. Redioni nasoma moja tu."

Mama akanyanyua macho. "Baba yako nilimpenda. Huyu simweki mahali pake, nimemwekea pake. Nyumba ni kubwa kuliko unavyodhani."

"Najua."

"Hujui, ila utajua. Haya, kata uzi huo."

Jumanne jua liliwaka kwa kiburi. Hapakuwa na wingu hata la kuazima. Ufukwe ulijaa, na chini ya dirisha la ofisi vijana walipita na miavuli iliyofunguliwa juani, wakiimba jina la Bi Mawingu kwa dhihaka. Mkuu wao wa kazi alipiga simu toka makao makuu kuuliza, kwa upole wenye miiba, kama wana uhakika.

"Ungelegeza kidogo tu, wangenyamaza," Taratibu alisema, akitaka kumjaribu.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nikimchelea mama, watalia wengi." Akashikilia swichi ya birika, akasoma vipimo upya. Wingu lilikuwa halijabadili njia. Akasoma utabiri uleule, bila kulegeza neno hata moja, kisha kama kawaida akampigia mkuu wa zimamoto kumpa tahadhari.

"Tutakuwa barabarani wote," mkuu wa zimamoto alisema kwa sauti yake nene. "Magari yote nje, pampu zote nje. Banda langu litabaki tupu kama kanisa siku ya kazi."

Bi Mawingu alikaa wima. "Tupu kabisa?"

"Lina paa la chuma na ukuta wa zege. Kwa nini?"

Alipompelekea mama wazo hilo, mama aliweka sindano chini. "Niolewe gereji?"

"Banda la zimamoto, mama. Ni juu kilimani, maji hayafiki."

"Gereji." Mama alitikisa kichwa. Kisha kicheko kikaanza mbali, kikapanda, mpaka akashika meza. "Haya. Walau kukiwaka moto, tuko mahali pazuri."

Jumatano mchana anga liligeuka rangi ya sufuria ya zamani. Upepo ulianza kwa kucheza na mapazia, ukaendelea kwa kung'oa mabango. Jioni hakukuwa na mtu ufukweni. Hata wale wa miavuli walikuwa wameikimbilia, safari hii kwa kazi yake halisi. Alhamisi alfajiri wimbi lilipanda barabara, likalikumba hema jeupe, likalibeba zima pamoja na nguzo. Halikuonekana tena. Ndani hapakuwa na mtu. Mwenyekiti wa wenye hoteli alisimama dirishani akiwa na kikombe mkononi, akasahau kunywa.

Harusi ilipangwa kabla ya mchana. Banda lilinukia mpira na mafuta ya mashine, lakini shangazi zake Bi Mawingu walikuwa wameliosha, wakapanga viti, wakafunga vitambaa kwenye ngazi za kuokolea watu. Makoti ya zimamoto yalining'inia ukutani mstari mmoja kama wageni waliofika mapema. Bibi harusi alikuja na buti za mvua chini ya gauni la maziwa, akakataa kuzivua. Msajili alikuja. Wageni walikuja wakikung'uta miavuli iliyopinduka.

Bwana harusi hakuja.

"Leo pia?" shangazi mmoja alinong'ona, kwa ule mnong'ono wa kusikiwa na wote.

Mama alitazama mlango. Bi Mawingu aliona vidole vyake vinausaka upindo wa gauni. Akatoka nje na simu. Haikupokelewa. Mvua ilikuwa inamwagika kama inayodai haki yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile Bi Mawingu aliogopa. Hakumfikiria tena kama Fundi Saa. Alimfikiria kama mzee aliye peke yake katika barabara ya posta, ambayo ipo chini, ambayo maji huijia kwanza.

Akapiga simu kwa mkuu wa zimamoto. Kabla hajamaliza kueleza, mkuu akamkatisha. "Mzee wa suti ya kijivu? Amekumbatia boksi?"

"Ndiye!"

"Tunaye. Tumemtoa juu ya paa la kibanda chake. Anatusumbua, anasema tunamchelewesha."

Gari jekundu lilipanda kilima likipiga king'ora. Likasimama mlangoni, na Fundi Saa akateremshwa kwa ngazi, amelowa mpaka mifupa, koti la zimamoto mabegani, boksi kifuani. Banda zima lilipiga makofi. Yeye alimtazama msajili kwa wasiwasi.

"Nimechelewa?"

"Dakika chache tu," msajili alisema. "Kwako hiyo ni mapema."

Ndani ya boksi mlikuwa na saa za wateja. Alikuwa amerudi kuziokoa, moja moja, maji yakiwa magotini. "Ni za watu," alimweleza Bi Mawingu, kama anayeomba radhi. "Nyingine ni za marehemu wao. Ningewaambia nini?"

Bi Mawingu alimtazama mzee yule anayetetemeka. Akamvua lile koti zito, akamfunika kwa shali yake mwenyewe, akamkausha uso kwa ncha yake. "Twende," alisema. "Unasubiriwa." Akamshika mkono, akampeleka yeye mwenyewe mpaka mbele.

Viapo vilisomwa kwa kupaza sauti, maana mvua juu ya bati ilikuwa inajibu kila neno. Katikati ya chakula king'ora kililia, na wazima moto waliomleta bwana harusi wakaacha sahani, wakaruka garini, wakarudi baadaye, wakakaa, wakaendelea na vijiko vilevile. Mwenyekiti wa wenye hoteli alikuja bila kualikwa, na keki kubwa kutoka jiko lake. Aliiweka mezani mbele ya Bi Mawingu.

"Hema langu," alisema.

"Pole, kaka."

"Wangekuwemo watu." Akajikatia kipande cha keki yake mwenyewe, akala amesimama.

Dhoruba ya pili ilifika Ijumaa, kama picha za setilaiti zilivyoonyesha. Barabara zote zilifungwa, na kwa kuwa nyumba ya mama ilikuwa inavuja, maharusi walikula fungate yao sebuleni kwa Bi Mawingu, kwenye kochi linalokunjuliwa. Fundi Saa aliamka mapema kuliko wote, akapika uji ukaungua, akaupika tena. Walicheza karata mchana kutwa. Mama aliiba karata waziwazi, na mumewe mpya alimwacha aibe.

Jumamosi asubuhi Bi Mawingu alitoka kimyakimya kwenda kazini. Ngazi zilikuwa bado na mchanga, na barabara ya ufukweni wafagiaji walikuwa wanakusanya matawi. Taratibu alikuwa amefika, kidole kwenye swichi ya birika.

"Unasemaje leo?" alimuuliza.

Bi Mawingu alifungua dirisha la upande wa bahari, akaegemea kizingiti, akavuta hewa. "Jua," alisema, "hata rasharasha hakuna." Kisha akaketi, akavaa vipokea sauti, akasubiri taa nyekundu iwake.