Kiti Kimoja, Abiria Wawili

Bibi mmoja alipanda basi la Maramba akiwa na tiketi ya kiti namba saba, akamkuta mwanamume ameshakaa hapo, naye ana tiketi halali ya namba hiyo hiyo. Bibi wa watu alisimama mpaka Muheza. Programu iliyokata tiketi zile niliiandika mimi.

Mwenye basi, mzee aliyesoma madrasa moja na baba yangu, alinipigia simu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanieleza taratibu kwamba hiyo ilikuwa mara ya tatu, na ikitokea tena ataachana na programu yangu. Ule upole wake uliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Siku mbili nzima nilikaa sebuleni kwetu Nguvumali nikikata tiketi za majaribio, na kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya tatu ndipo nilipotanabahi: nilikuwa najaribu peke yangu, ilhali makarani wa tiketi ni wawili, mmoja Tanga na mwingine Muheza. Kompyuta ilikuwa ikiwahudumia wote kwa pamoja. Ilimwambia huyu kiti ki wazi, na kabla haijaandika jina la abiria wake, ikamwambia na yule vivyo hivyo.

Nikamwita mama na mama mdogo, nikampa kila mmoja simu, nikawaomba wabonyeze kiti kile kile nikihesabu hadi tatu. Mama mdogo akawa anawahi, mama anachelewa. Tulirudia hata nikaanza kukata tamaa. Kisha simu zote mbili zikaandika kwamba kiti kimepatikana. Niliruka juu.

"Si umesema hilo ndilo kosa?" mama akauliza.

"Ndilo, mama. Sasa nimelishika."

Nikaibadilisha programu: karani wa kwanza akigusa kiti, kinafungwa, na wa pili anangoja hadi wa kwanza amalize. Mama zangu wakabonyeza tena mpaka vidole vikawauma. Kila mara mmoja alipata, mwenziwe akaambiwa kimeshachukuliwa.

Siku mbili kabla ya Idi stendi ilifurika watu. Niliingia ndani ya basi nikapita katikati ya viti kutoka mbele hadi nyuma. Kila kiti mtu mmoja, na hakuna aliyesimama. Niliposhuka, mzee alikuwa ananingoja mlangoni.

"Yale mabasi yangu mengine mawili," alisema, "nayo unayaingiza lini kwenye programu?"

Nikamwambia leo hii.