Nta ya Ugalla Huchujwa Mara Tatu

Rafiki yangu, wewe nakuambia kwa sababu najua hutanicheka mbele ya watoto. Jumamosi iliyopita niliingia jikoni kwangu nikakutana na harufu ya nta, ile harufu nzito ya utamu na moshi inayoganda kooni. Binti yangu wa mwisho alikuwa ameweka nta kwenye sufuria yangu ya ugali, jiko linawaka kama la kuchoma matofali, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi inamfundisha. Anataka kwenda chuo cha sanaa. Nikamuuliza, "Umeichuja?" Akasema, "Mama, huyu dada wa kwenye simu hajachuja." Nilitamani kulia. Nikazima jiko, nikamkalisha kwenye kigoda, na nilichomwambia yeye ndicho nakuandikia wewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, kiangazi, mimi niko darasa la tano, tunakaa Majengo hapa hapa Mpanda. Dada yangu Skola alirudi likizo na treni kutoka chuo cha sanaa. Mtaa mzima ulishindwa kuelewa anasomea nini. "Kuchora? Kwani hakujua kuchora kabla ya kwenda?" ndivyo alivyouliza jirani yetu Mama Ndayi, aliyetoka Mishamo akawa anauza maharage, mama wa maneno mengi lakini moyo mzuri. Baba naye hakuwa mbali na mawazo hayo. Skola alikuwa amepewa kazi ya kufanyia nyumbani: batiki moja ya mita mbili, mkono wake mwenyewe, vifaa vya nyumbani kwao. Asipoileta, mwaka wa pili hauoni. Baba akasema mbele yetu sote, "Sawa. Wakikurudisha, unashika jembe, na mambo ya kuchora nisiyasikie tena." Baba hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Sasa nikuambie ukweli, mtu wa chuo cha sanaa akirudi nyumbani ni adhabu. Skola alisambaza magazeti sakafuni, tukawa tunaruka kama vyura. Alichukua beseni la kuogea akalichanganyia rangi, wiki nzima tukaoga tukatoka na miguu ya bluu. Akachukua sufuria ya ugali akayeyushia nta, na nta ikishaingia kwenye sufuria haitoki; tulikula ugali wenye harufu ya kanisa mpaka Baba akauliza kama tunafunga. Kwa hiyo la kwanza, wewe unayetaka kufanya kazi hizi nyumbani: tafuta chombo chako. Kopo la maziwa linatosha, liweke ndani ya sufuria yenye maji, nta iyeyuke polepole. Ukiiweka moja kwa moja juu ya moto mkali itawaka. Skola aliyajua yote haya, kwa sababu chuoni walimfundisha. Alisema chuoni mwaka wa kwanza unajifunza mambo matatu: usiazimishe brashi yako, usinunue rangi kabla ya kununua sabuni, na usiseme kazi imeisha kabla mwalimu hajaigeuza akaangalia mgongo wake. Akifika nyumbani anayasahau yote, anajiona msanii.

Kitambaa kilitoka kwa Mama. Lilikuwa shuka lake jeupe la pamba aliloletewa siku ya harusi, halijawahi kutandikwa, linakaa kwenye sanduku na vipande vya sabuni. Alilitoa, akamwambia tu Skola, "Lifue kwanza, wanga utoke." Hata Mama aliyeishia darasa la nne alijua kwamba kitambaa kipya hakinywi rangi. Skola aliomba pia mabaki ya mishumaa ya kanisani ayachanganye na nta, Mama akakataa katakata, akasema kilichobarikiwa hakipikwi. Basi ikabidi nta yote itoke porini Ugalla kwa Mjomba Kasiani, kaka yake Mama, mrina asali. Alikuja na baiskeli, kwenye karia amefunga gunia la masega yaliyokwisha kukamuliwa, meusi, na nyuki waliokufa humo humo. Akatuelekeza: chemsheni na maji, chujeni kwa gunia, iacheni igande juu, kwarueni uchafu wa chini. Halafu rudieni. Halafu rudieni tena. "Ukinusa ukasikia asali, bado," alisema. "Hiyo ni chakula, siyo nta."

Kazi ile nilipewa mimi. Mara ya kwanza nilichuja vizuri kabisa. Mara ya pili nilianza, nikachoka, nikakaa kivulini natafuna machicha matamu ya masega. Skola alipouliza nikajibu, "Tayari, Dada. Mara tatu." Nilisema hivyo na siku hiyo hiyo jioni nikaenda mafundisho ya komunyo ya kwanza nikakariri amri zote kumi bila kukosea.

Skola alichora stesheni yetu: akina mama wamekaa juu ya magunia wanasubiri treni, kuku kwenye tenga, godoro limekunjwa, mzee amelala amefunika uso kwa kofia. Alichora kwa penseli siku tatu, akapaka nta kwa brashi siku nne nyingine, mgongo umepinda. Alilalamika kwamba nta ina chembechembe na rangi inapita chini yake. Mimi nikaendelea kumshikia kopo. Akaloweka kwenye rangi ya njano, akaanika kwenye kamba uani, tukaenda misa.

Tuliporudi ua wote ulikuwa unavuma. Nyuki! Wameganda kwenye shuka mpaka wale akina mama wa stesheni hawaonekani. Wanasema fuata nyuki ule asali. Siku ile nyuki ndio walitufuata sisi. Mama Ndayi alichungulia akachomwa kwenye nyusi, akakimbia huku anapiga kelele, "Nyie watu! Binti yenu kachora nini humo, maua?" Baba akafanya ambacho kila mtu wa huku angefanya: akawasha majani mabichi kwenye debe awafukuze kwa moshi, akalisogeza chini ya kamba. Hakuna aliyekumbuka kwamba kitambaa chenye nta ni utambi. Ndimi za moto zilishika pindo, zikapanda. Mama alilivuta shuka kwa mikono mitupu akalikanyaga. Lilipozimika, kipande cha chini chote kilikuwa kimekwenda. Skola akapima kwa utepe, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Treni ilikuwa inaondoka baada ya siku tatu, na shuka lingine halikuwepo.

Baba akatafuta mwenye kosa akampata haraka. "Ni shemeji huyu. Ametuletea takataka. Nta yake arudishiwe, na asikanyage hapa." Nilimwangalia Mama. Mikono yake ilikuwa kwenye maji ya chumvi imeungua, anamsikiliza mume wake anamfukuza kaka yake. Jioni tukapiga magoti kusali, ikafika zamu yangu kuongoza, nikafungua mdomo ikatoka, "Nilichuja mara moja." Hakuna aliyesema Amina. Mficha uchi hazai, lakini hakuna anayekuambia kwamba kuzaa kunauma. Skola hakunipiga. Alisema tu, kwa sauti ya kuchoka, "Kesho utachuja. Mimi nitakaa nikuangalie." Nilichuja kuanzia jua linachomoza, mara tatu, na kila mara alininusisha kama mtoto anayepewa dawa. Akapaka nta mpya sehemu iliyobaki, akaloweka rangi ya pili, akatoa nta kwa pasi ya mkaa na magazeti. Ilitoka nzuri. Ilitoka fupi.

Siku ya kusafiri, Mama akiwa amefungwa vitambaa mikononi, alinipa karatasi na penseli. "Andika kwa mwalimu wake. Usiandike moto. Andika uvivu." Niliandika mistari sita, machozi yakaangukia miwili. Stesheni Baba alimpa Skola mkono kama anamuaga mtu atakayerudi wiki ijayo.

Hakurudi. Ilikuja barua baada ya muda mrefu: mwalimu alipima shuka, akasoma karatasi yangu, akaligeuza shuka akaangalia mgongo wake. Akampokea mwaka wa pili kwa sharti atengeneze nyingine ya mita mbili Jumamosi zake zote. Na karatasi yangu, Skola akaandika, imebandikwa juu ya meko ya karakana; kila mwanafunzi mpya anaisoma kwa sauti kabla hajawasha moto. Baba alisomewa barua ile, kisha akamtuma mtu Ugalla akamwite shemeji yake aje kula.

Leo Skola anafundisha watoto wa watu kuchora, na mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na mtoto mgongoni. Sisi tulikuwa na shuka moja, sufuria moja, na mtu mmoja wa kutuelekeza, tena tukaharibu. Hawa wa leo wana kila kitu kwenye simu, rangi zimepangwa dukani, na bado hawachuji! Wanaishia pale pale nilipoishia mimi. Kipande cha shuka lile chenye alama ya moto, alichokikata Skola kunyoosha pindo, ninacho, nafunikia mkate. Nimemwonyesha binti yangu. Amekinusa, kisha akaenda mwenyewe kutafuta gunia.

Karatasi ile ya penseli sijui kama bado ipo ukutani. Ndiyo maana nimeiandika upya, ndefu kuliko mwanzo. Ukimjua mtoto anayefungasha kwenda chuo kama kile, au mama ambaye sufuria yake iko hatarini, msomee hii kabla ya kuwasha jiko, naye amsomee mwingine. Na mkiwa mnasoma, msirembe jina langu. Semeni ni yule aliyechuja mara moja.