Siku Mkaguzi Alipofunikisha Ndoo

Gatini walimwita Filimbi, maana alipopuliza ile ya shingoni mwake, hata wabishi walinyamaza. Serikali ilimwajiri kukagua jinsi pomboo wa baharini wanavyolishwa samaki mbele ya watalii, na kazi aliipenda kupita kiasi. Kila pezi lilipochomoza, moyo ulimruka kama ndiyo mara ya kwanza.

Mwenye kibali cha kulisha alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa.

Asubuhi moja wageni walikuwa wamejipanga kwenye maji ya magotini, ndoo za samaki tayari, pomboo jike akaja na mtoto ubavuni. Vifijo! Filimbi akapuliza.

"Huyu hapewi, ana mtoto! Ndiyo kanuni mpya. Mama akizoea kuombaomba, mtoto atajifunzia wapi kuwinda?"

"Shemeji, usinitie aibu! Wageni wametoka mbali."

"Nyumbani mimi shemeji yako. Hapa ni mkaguzi. Funika ndoo."

Akafunika, mdomo umemvimba. Wageni wakaguna. Filimbi alisimama kidete, ila alijiuliza: pomboo wakijiondokea na biashara ya shemeji ikafa, mdogo wake atamtazama kwa jicho gani?

Pomboo akazunguka, akachungulia, akaona mikono mitupu. Ghafla akageuka, mkia ukapiga maji pwaa! Kundi la visamaki likatimka kuelekea ufukweni, likimetameta. Mama akanasa mmoja, kisha akapunguza mwendo. Mtoto akajitosa, akakosa. Akajaribu tena, akabiringika tumbo juu.

"Kaza, mwanangu! Kaza!"

Hakuwa mgeni aliyepiga kelele. Ni shemeji, suruali imelowa hadi kiunoni, ndoo kaisahau huko.

Mtoto akazama, akaibuka na samaki akifurukuta mdomoni. Gati zima likalipuka kwa shangwe! Shemeji akamkumbatia mkaguzi wa serikali, akamlowesha sare yote.

"Umeona, shemeji? Umeona?"

"Nimeona! Niachie, nataka kuona tena!"

Haukupita muda, shemeji akaenda mwenyewe ofisini kuomba ruhusa ya safari za kutazama mama na watoto wakiwinda, bila ndoo hata moja. Ofisi ikakubali, mradi mkaguzi awepo kila safari. Filimbi akalalamika kwa wakubwa kwamba kazi imemzidi, na kesho yake akawahi gatini kabla ya jua.